Kitabu cha 1086 kinasomeka, diski ya 1986 iligoma

Kew, pembezoni mwa London upande wa kusini-magharibi, ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, na ndiko kinakotunzwa kitabu kiitwacho Domesday. Makarani wa Mfalme William, yule aliyeivamia nchi hiyo mwaka 1066 akitokea Normandy, walikiandika kwa mkono mwaka 1086, kwa Kilatini, juu ya ngozi ya kondoo. Walihesabu mashamba, vinu, mifugo na watu, maana mfalme alitaka kujua nani anamiliki nini na kodi yake ni kiasi gani. Miaka zaidi ya 900 imepita. Msomi mwenye Kilatini chake anakifungua na kukisoma vilevile kilivyo.

Kitabu kilipokaribia kutimiza miaka 900, BBC iliamua Waingereza wajiandikie Domesday mpya, safari hii ndani ya kompyuta: maandishi, picha, ramani, takwimu na video kwa pamoja. Ilishirikiana na Acorn waliotengeneza kompyuta, Philips waliotengeneza mashine ya kusomea diski, na Logica walioandika programu. Kazi ilianza mwaka 1984 na kutolewa mwishoni mwa 1986. Kufikia mwaka 2002, miaka 16 tu baadaye, wataalamu walikuwa wakihangaika kutafuta mashine iliyo hai ya kuifungulia.

Kisa hiki husimuliwa sana barani Ulaya kama kichekesho, na mimi sioni cha kuchekesha. Nakiona kinawahusu moja kwa moja Waswahili wa London, na wa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat pia, ambao wanataka kuweka hadithi za bibi zao, nyimbo za taarab, masomo ya Kiswahili ya watoto au historia ya mji wao kwenye programu yenye sauti, picha na maandishi. Watu hao huanza na swali moja: tutumie kompyuta gani? Domesday ya pili inatuonyesha kwamba maswali ni mawili, kompyuta ya kutengenezea na kompyuta ya kufikishia, na kwamba yakichanganywa kazi ya watu milioni moja inaweza kupotea.

Niliposema milioni moja sikutia chumvi. Zaidi ya watu milioni 1 walishiriki, wengi wao wanafunzi. Nchi nzima iligawanywa katika vipande vya kilomita 4 kwa 3, zaidi ya 23,000 kwa jumla, na shule zikagawiwa vipande vyao. Watoto walitoka na kalamu na kamera wakaandika habari za mitaa yao: maduka, mabasi, michezo, chakula cha jioni, wazazi waliopoteza kazi. Walirudi darasani wakayaingiza kwenye kompyuta ya shule, na kompyuta ya shule miaka ile ilikuwa BBC Micro ya Acorn.

Hapa ndipo penye uamuzi wa kwanza, na ulikuwa uamuzi mzuri. BBC Micro ilitoka Desemba 1981 kwa ajili ya kampeni ya BBC ya kuwafundisha wananchi kompyuta. Serikali ikazisaidia shule kuinunua, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeenea katika shule nyingi za nchi. Model B, iliyopendwa zaidi, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 na iliuzwa takriban pauni 400. Ukitaka maelfu ya shule zikukusanyie habari, unatumia kompyuta ambayo shule tayari zinayo na walimu tayari wanaijua. Shule iliyokuwa nayo haikulazimika kununua kitu ili ishiriki.

Uamuzi wa pili ulihusu jinsi ya kuirudisha kazi ile kwa wasomaji, na huko mambo yakabadilika. BBC Micro haikuweza kuonyesha picha ya rangi ya kamera. Ilikuwa na rangi 8, na kumbukumbu yake nzima isingetosha picha moja nzuri. Miundo ya picha na video tunayoichukulia kama hewa leo haikuwepo: JPEG ilipitishwa mwaka 1992 na MPEG ya kwanza mwaka 1993. Kwa hiyo wahandisi walichukua diski ya leza ya Philips, iliyobuniwa kwa ajili ya filamu, wakaipa kazi mbili kwa wakati mmoja. Diski ina upana wa sentimita 30 kama santuri za zamani, inang'aa pande zote mbili. Kila upande uliweza kubeba fremu 54,000 za picha za analogi, zile zile za televisheni, na pembeni yake karibu megabaiti 300 za data za kompyuta. Muundo huo ukaitwa LV-ROM.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi ulivyofanya kazi, maana ni uhandisi wa kuheshimika. Mtumiaji alikaa mbele ya skrini akiwa na kibodi na mpira wa kuzungusha kwa kiganja. Aliandika jina la mji, ramani ikatokea. Alielekeza mshale kwenye kona fulani ya ramani, ramani ya karibu zaidi ikaja, kisha ya karibu zaidi tena, mpaka kwenye kipande cha kilomita 4 kwa 3, na hapo akasoma walichoandika watoto na kuona picha walizopiga. Kila ramani na kila picha ilitoka kwenye mashine ya Philips kama picha ya televisheni, na kompyuta ya Acorn iliandika maneno juu yake papo hapo, vikaungana kwenye skrini moja. Katika diski ya pili, ya taifa, mtu aliweza kuingia ndani ya nyumba kwa picha: anasukuma mbele, hatua moja, picha nyingine, anageuka kushoto, anauona mlango wa jikoni. Haya yalifanyika mwaka 1986, miaka zaidi ya 20 kabla Google haijatutembeza mitaani kwa namna hiyo.

Ila bei ya mtambo mzima, yaani kompyuta mpya ya BBC Master iliyoongezewa vifaa maalumu, mashine ya Philips na diski zake, ilikuwa takriban pauni 5,000. Shule iliyokuwa imetoa watoto wake, walimu wake na kompyuta yake ili kazi ikamilike, sasa iliambiwa itafute zaidi ya mara 10 ya bei ya ile kompyuta ili ione kazi yake yenyewe. Nyingi hazikununua. Na kwa kuwa wanunuzi walikuwa wachache, hapakuwa na sababu ya kiwanda kuendelea kutengeneza mashine hizo, wala ya watu wengine kutoa diski nyingi za muundo ule. LV-ROM haikuenea. Acorn wakahamia kwenye kompyuta nyingine, Archimedes, mwaka 1987.

Siwalaumu wahandisi wale. Kwa teknolojia ya mwaka 1984 sioni njia nyingine ambayo ingetoa picha za ubora ule. Kinachoniuma ni kwamba kompyuta ya kutengenezea ilichaguliwa kwa kuwatazama watu, na ya kufikishia ikachaguliwa kwa kuitazama picha.

Uokoaji wenyewe ulichukua miaka. Mwaka 2002 mradi wa Chuo Kikuu cha Leeds na Chuo Kikuu cha Michigan, ulioitwa CAMiLEON, ulionyesha programu inayoifanya kompyuta ya kisasa ijifanye BBC Master pamoja na mashine yake ya diski. Mwaka 2003 kazi nyingine ikaenda kwenye chanzo: kanda za video za studio, za inchi moja, ambazo picha zile zilirekodiwa kabla hazijapelekwa kiwandani, bado zilikuwepo BBC. Picha zilizotolewa kwenye kanda zilikuwa bora kuliko zilizotolewa kwenye diski. Kitu ambacho mtumiaji hakukiona kamwe, mkanda wa kawaida wa studio uliokuwa rafuni, ndicho kilichodumu. Mwaka 2011 BBC ikaweka sehemu ya yaliyomo kwenye tovuti ili watu waongeze picha za mitaa ile ile ilivyo sasa. Tovuti hiyo nayo ikafungwa mwaka 2018, na nakala yake ikapelekwa Kew, chini ya ulinzi wa taasisi ile ile inayotunza kitabu cha ngozi ya kondoo.

London ina mfano mwingine wa zama zile ambao ulikwenda vizuri. Mwaka 1991 jumba la sanaa la National Gallery, pale Trafalgar Square, lilifungua jengo jipya la Sainsbury Wing, na ndani yake chumba cha kompyuta kilichoitwa Micro Gallery. Kampuni ya Cognitive Applications ya Brighton ilitengeneza programu yake kwenye Macintosh, ikiwa na michoro zaidi ya 2,000 ya jumba zima. Mgeni aligusa skrini kwa kidole, akaona mchoro, akasoma habari za mchoraji, akachagua michoro anayoipenda, na mashine ikamchapishia ramani ya kumfikisha chumba baada ya chumba. Macintosh ilikuwa ghali, na Waingereza wengi hawakuwa nayo nyumbani, lakini haikuwa shida. Mashine zilikuwa za jumba, zilikaa jumbani, na mgeni hakuhitaji kuleta chochote ila kidole chake. Jumba lilipotaka kazi ile ifike majumbani, halikumwambia mtu akanunue Macintosh. Mwaka 1993 Microsoft ikaitoa kwenye CD-ROM kwa jina la Art Gallery, kwa kompyuta za Windows ambazo watu walishazinunua kwa shughuli nyingine.

Miaka ile ile Philips walileta CD-i na Commodore wakaleta CDTV, vichezaji maalumu vya kuchomeka kwenye televisheni, ambavyo mtu alilazimika kuvinunua upya. Vyote viwili vilikufa, na Commodore wenyewe wakafilisika mwaka 1994.

Mtu aliyeyatenganisha maswali mawili vizuri kuliko wote alizaliwa hapa hapa London, mwaka 1955. Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, Uswisi, aliandika kivinjari chake cha kwanza mwaka 1990 kwenye kompyuta ya NeXT. Ilikuwa mashine nzuri kwa mtengenezaji, iliyomrahisishia kazi ya miezi mingi, na ambayo karibu hakuna aliyekuwa nayo. Angeweza kuishia hapo. Badala yake, mwanafunzi wa hesabu aliyekuwa mafunzoni kwao, Nicola Pellow, akaandika kivinjari kingine kisicho na picha wala dirisha, kinachoonyesha mistari ya maandishi tu, ili kifunguke kwenye karibu kompyuta yoyote ile. Kilikuwa na sura mbaya, lakini ndicho kilichoanza kuufikisha mtandao kwa watu. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya umma, bila malipo.

Nasi tunao mfano wetu, mkongwe zaidi ya huo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, na kwa miongo mingi ilitangaza kutoka Bush House, katikati ya London, hadi Idhaa ya Dunia ilipohama jengo hilo mwaka 2012. Ndani mlikuwa na studio, mafundi na mitambo ya kisasa ya kila zama. Nje, msikilizaji wa Tabora au Kisumu alikuwa na redio ya mawimbi mafupi na betri zake. Mitambo ya London ilibadilika mara nyingi, msikilizaji asijue wala asihitaji kujua. Kila badiliko lilimfikia kupitia redio aliyokwisha kuinunua.

Redio hiyo leo ni simu. Afrika Mashariki simu nyingi ni za Android, na nyingi kati yake ni za bei nafuu zenye nafasi ndogo ya kuhifadhia. London iPhone zimejaa kila basi. Familia moja ya Kiswahili ina zote mbili: mjukuu aliye Leyton, London, ana iPhone, bibi aliye Tanga ana simu ya Android ya Tecno, na bando la bibi linahesabiwa kwa megabaiti. Ukiwatengenezea programu ya iPhone peke yake umemwacha bibi, na bibi ndiye mwenye hadithi.

Wapo watakaosema tuweke kwenye duka la programu, Google Play na la Apple, mambo yaishe. Hayaishi. Google hutoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka, na asiyelipa programu yake huondolewa dukani. Hata anayelipa ana kazi ya kudumu, kwa sababu simu hubadilika chini yake. Septemba 2017 Apple ilipotoa iOS 11, programu zote za zamani za biti 32 ziliacha kufunguka, na programu za watoto zilizokuwa zimeandikwa kwa upendo na wasanidi wadogo zikafa siku moja. Google nayo huwafichia watumiaji wa simu mpya programu ambazo hazijasasishwa kwa muda mrefu. Na waliotegemea Flash, iliyotumiwa kutengenezea masomo na michezo mingi ya mtandaoni, walishuhudia Adobe ikiacha kuihudumia mwishoni mwa Desemba 2020.

Chombo cha kutengenezea nacho kina mwenye nyumba wake. Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo chombo chake kinatumiwa na watengeneza michezo wengi duniani, ilitangaza ada mpya itakayohesabiwa kwa idadi ya watu waliosakinisha mchezo. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka mmoja baadaye ikaifuta. Waliokuwa katikati ya kazi walijifunza kwamba wamejenga juu ya kiwanja cha mtu. Kwa kikundi kidogo kisicho na bajeti ya mwanasheria napendelea vyombo huria vinavyofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux: Audacity kwa sauti, GIMP kwa picha, Kdenlive kwa video. Hapo kompyuta yenyewe haina uzito mkubwa. Laptopu yoyote yenye nguvu ya wastani inatosha, na mwenzako wa Nairobi mwenye laptopu tofauti atafungua kazi ile ile.

Kwa kufikishia, msimamo wangu ni ukurasa wa kawaida wa mtandao, ulioandikwa kwa HTML rahisi, unaofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote. Kurasa alizoandika Berners-Lee miaka ya mwanzo ya 1990 bado zinafunguka kwenye simu ya leo, na ni majukwaa machache ya zama zile yanayoweza kusema hivyo. Ukurasa huo unaweza kutengenezwa ujihifadhi kwenye simu, ili bibi aufungue hata bando likiisha. Unaweza kusambazwa kwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na WhatsApp ndiko Waswahili waliko, iwe tunapenda au hatupendi. Ila WhatsApp isiwe ghala. Hukamua picha na video ili zisafiri haraka, na kilichokamuliwa hakirudi. Anayetaka kutuma picha ya asili aitume kama faili, asiitume kama picha.

Ghala ndilo jambo ambalo vikundi vingi hulisahau. Tuseme mnamrekodi mzee akisimulia habari za jahazi na safari za Ghuba. Saa moja ya sauti ya chaneli moja, katika muundo wa WAV wa ubora wa studio, ni takriban megabaiti 520. Ni zaidi ya data yote iliyoingia upande mmoja wa ile diski ya 1986. Saa hiyo hiyo ikibanwa kuwa MP3 ya maongezi inashuka hadi megabaiti 30 hivi. MP3 ndiyo ya kuweka kwenye ukurasa, maana bando la msikilizaji lina thamani. WAV ndiyo ule mkanda wa inchi moja uliokuwa rafuni BBC, haufutwi. Miaka 15 ijayo, muundo mpya utakapokuja, mtarudi kwenye WAV na kutengeneza upya, na sauti ya mzee itakuwa nzima. Picha vilevile zihifadhiwe kama zilivyotoka kwenye kamera au kwa TIFF, na maandishi yawe faili za maandishi matupu zinazofunguka popote.

Na ghala lisiwe mahali pamoja. Maktaba ya Uingereza, iliyoko Euston Road, ina programu ya kunakili kumbukumbu zilizo hatarini kote duniani. Miongoni mwa kazi zake ni miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Miswada yenyewe haikuondoka Lamu, na utaratibu wa programu hiyo ni kwamba nakala za kidijitali hubaki pia nchini zilikotoka. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliivamia maktaba hiyo na kuangusha mifumo yake. Mikusanyo mingi ya kidijitali, ikiwemo ya programu hiyo, haikufikika mtandaoni kwa miezi mingi. Kwa muda huo, moja ya maktaba kubwa kabisa duniani haikuweza kumwonyesha msomaji ukurasa wa Lamu. Aliye Lamu alikuwa na wa kwake.

Kwa hiyo kikundi chochote cha London kinachofikiria kazi ya namna hii ningekiomba kianze na rekodi, kisha nakala mbili za ghala, moja ibaki hapa na nyingine ipelekwe kwenye shule, msikiti au maktaba ya nyumbani inakotoka hadithi. Ukurasa ufuate, ujaribiwe kwanza kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyopo katika ukoo, kwa bando la kawaida, mikononi mwa mtu mzima ambaye hakushiriki kuutengeneza. Akikwama, ukurasa ndio una kasoro. Programu ya dukani ije mwisho, na ikiwa tu kuna jambo ambalo ukurasa umeshindwa kulifanya. Dola 99 za mwaka wa kwanza wa Apple zinatosha kununua diski ya nje ya kupeleka nyumbani, na hiyo ndiyo ningeinunua kwanza.